Nyumba ya Ghorofani Mtaani Pilsen
Mwandishi mmoja ameisifu kwa ufasaha nyumba moja ya ghorofani inayouzwa Pilsen, Chicago, kwa roshani yake na nuru yake ya asubuhi. Lakini mimi, niliyepata kupanga mtaani humo, naona sifa iliyo kubwa zaidi imempita, nayo ni kwamba mtaa huo, uliopewa jina la mji wa Plzeň na wahamiaji wa Kicheki wa karne ya 19, ndio huo huo ambao Wameksiko waliokuja baadaye waliupamba kwa michoro ya ukutani kando ya reli ya Barabara ya 16, wakafungua na jumba la makumbusho ya sanaa yao mwaka 1987, ambalo hata leo halitozi kiingilio. Na mnunuzi atahadhari, maana madalali aghalabu hulipitia jambo hili mbiombio: anachokimiliki peke yake ni vyumba vya ndani tu, ilhali paa, ngazi na kuta za nje ni shirika baina ya majirani wote, wachangiao kila mwezi. Basi na aombe kwanza daftari la akiba ya michango hiyo, kwani akiba ikiwa haba na paa likavuja, kila mmoja hutozwa papo hapo. Jirani yangu mmoja yalimfika hayo kabla hajafungua masanduku yake.