Sahihi ya Sheha ni Ushahidi, si Hisani

Wapo ndugu zetu ambao, kila zinapotajwa haki za mtu binafsi, hupeleka macho yao Marekani. Katika mabaraza ya Tumbe mjadala huo ni wa siku nyingi. Wengine hushikilia kwamba huko ndiko uhuru ulikozaliwa, na kwamba dunia nzima haina budi kwenda kujifunza kwao. Wengine huwajibu kwa ukali kwamba taifa lililomfunga mtu mweusi minyororo halina la kumfundisha yeyote. Hatukusudii kuamua mzozo huo, maana pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha na kahawa ya kutosha. Tunakusudia kutazama mahali pamoja tu ambapo haki ya Mmarekani na haki ya mtu wa Tumbe hukutana, napo ni mezani kwa karani.

Katiba ya Marekani iliongezewa tamko la haki za raia mwaka 1791. Mwaka 1870, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ikaongezewa kifungu kinachokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Kwa maandishi, basi, mtu mweusi wa Mississippi alikuwa mpiga kura kamili tangu enzi ya mababu zake. Kwa vitendo alikutana na msajili wa wilaya. Msajili alimpa kipande cha katiba ya jimbo akakifasiri, kisha yeye msajili, peke yake, bila ya kuulizwa na mtu, akaamua kama tafsiri hiyo imemridhisha. Walimu wa skuli waliambiwa hawajui kusoma. Palipokuwa na kodi ya kichwa ya kupigia kura, maskini alirudishwa kwa kukosa stakabadhi. Hapakuwa na haja ya kuifuta Katiba. Ilitosha kumweka mezani mtu asiyewajibika kwa yule anayemhudumia.

Tarehe 7 Machi 1965 askari waliwapiga kwa virungu na mabomu ya machozi watu waliokuwa wakiandamana kwa amani darajani Selma, katika jimbo la Alabama. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo Rais Johnson akatia saini sheria ya haki ya kupiga kura. Sheria hiyo iliisimamisha mitihani ya kusoma katika majimbo yenye sifa mbaya, na ikaipa serikali kuu uwezo wa kupeleka wasajili wake pale ambapo wasajili wa wilaya waliwafungia watu mlango. Huko Mississippi, kabla ya sheria hiyo, watu weusi walioandikishwa hawakufikia 7 katika kila 100 waliostahiki. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Tunaomba tarakimu hizo zisomwe mara mbili. Katiba ilikuwa ile ile na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa mezani, na nani wa kumuuliza.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yamekwisha huko. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa nguzo mojawapo ya sheria hiyo, na siku ile ile jimbo la Texas likatangaza kuanza kutumia sharti lake la kitambulisho chenye picha. Kwa sharti hilo, aliyekuja na kibali cha kubeba bastola alipokewa, na mwanafunzi aliyekuja na kitambulisho cha chuo kikuu cha jimbo lenyewe hakupokewa. Waliolitunga sharti walisema wanazuia udanganyifu. Huenda. Lakini anayechagua kipande gani cha karatasi kitakubaliwa huwa amekwisha kuchagua, kwa kiasi fulani, ni watu gani watakaopiga kura.

Sasa tuje kwetu.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imeweka sura nzima ya haki za mtu, na kifungu chake cha saba kinampa kila Mzanzibari aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Hilo halikuwa jambo dogo kwa nchi ambayo, tangu Mapinduzi ya 1964, haikumchagua Rais wake kwa kura za wananchi hadi Oktoba 1980. Na watu wa Pemba hawana haja ya kuhubiriwa thamani ya kura. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu, na kwa kura hiyo moja chama cha Afro-Shirazi kikafikisha viti kumi dhidi ya tisa vya Hizbu. Wazee wetu waliisimulia kura hiyo kama wanavyosimuliwa mashujaa.

Mwaka 2005 ikapitishwa sheria ya kuwasajili Wazanzibari wakaazi na kuwapa vitambulisho. Baadaye kitambulisho hicho kikafanywa ndio ufunguo wa kuandikishwa katika daftari la wapiga kura. Sababu zilizotolewa na Serikali hazikuwa za kipuuzi, nasi hatuzibezi. Visiwa vidogo vyenye bandari nyingi vinayo haki ya kujua nani ni mkaazi na nani ni mpita njia, na malalamiko ya watu kuandikishwa mara mbili, au kuletwa kwa majahazi ili wapige kura, yamekuwa yakitolewa na vyama vyote kwa zamu. Kitambulisho ni chombo kizuri. Tatizo limekuwa njia ya kukipata.

Njia hiyo hupita kwa sheha. Yeye ndiye anayetarajiwa kumjua mtu, kuijua nyumba yake na wazazi wake, na kutia sahihi kwamba huyu ni wa hapa. Na sheha hachaguliwi na wanashehia. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Ndipo ilipofika Julai 2009, uandikishaji wa wapiga kura ulipoanzia katika Wilaya yetu ya Micheweni, watu wengi wakaonekana hawana kitambulisho na kwa hiyo hawaandikishiki. Walikuwamo waliozaliwa hapa na ambao mababu zao wamezikwa hapa. Walilalamika kwamba wamekwenda kwa sheha wakarudishwa, wakaenda tena wakaambiwa fomu zimekwisha, wakaenda mara ya tatu wakaambiwa hawajulikani. Hasira zikapanda, askari wakaja, na Agosti ikabidi kazi hiyo isimamishwe kwa muda. Nani asiyekumbuka khofu ya siku zile? Kisiwa hiki kilikuwa bado hakijasahau Januari 2001, damu ilipomwagika na watu zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Tunashukuru kwamba busara ilishinda. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu na kupeana mikono, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaungwa mkono na watu 66 katika kila 100 waliopiga kura, ikazaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lakini mapatano ya wakubwa hayakuandika neno juu ya meza ya sheha. Huyo alibaki na muhuri wake.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa mapema kwamba ushahidi ni amana, na kwamba anayeuficha, ilhali anaujua, moyo wake umeingia dhambini. Shahidi hana mali anayoigawa. Haulizwi kama anampenda mtu au hampendi, wala kama jana walisalimiana. Huulizwa: unamjua au humjui? Kwa maoni yetu sheha anapotia sahihi fomu ya kitambulisho yumo katika cheo hicho cha shahidi, si zaidi. Hampi mtu Uzanzibari. Uzanzibari alipewa na sheria, na kabla ya sheria alipewa na mama yake. Lakini umezuka mtindo wa kuifanya sahihi hiyo kuwa hisani, ikaombwa kwa unyenyekevu, ikacheleweshwa kwa makusudi, na wakati mwingine ikapimwa kwa rangi ya bendera inayopepea juu ya mlango wa muombaji. Tunayasema haya tukiwa ndani ya Chama, wala hatuoni kwamba kuyasema ni usaliti. Chama kinachohitaji sheha awapunguze wapiga kura kimekwisha kukiri kwamba hakina la kuwaambia.

Kwa mvuvi wa Tumbe jambo hili lina uzito wa pekee. Tumbe ni mji wa bahari. Mnada wa samaki wake unajulikana Pemba nzima, na wanaume wake, kama walivyokuwa baba zao, huenda dago, wakakaa miezi katika visiwa na pwani za mbali, hata Kenya, wakifuata samaki na pepo. Sheria ya uchaguzi, kwa upande wake, ilimtaka mpiga kura awe amekaa jimboni miaka mitano mfululizo, na baadaye miezi 36. Ilimfikiria mtumishi wa Serikali aliyehamishwa kikazi na mwanafunzi aliye masomoni, wasipoteze haki zao kwa kuwa mbali. Mvuvi hakutajwa. Basi anaporudi na mashua yake, sheha mwenye nia njema atasema, "Huyu katoka dago, namjua," na mwenye nia mbaya atasema, "Huyu haonekani hapa." Wote wawili watakuwa wamesema kweli. Haki ya mtu haifai kuning'inia katika tofauti ya kauli hizo mbili.

Tunao mfano ulio karibu kuliko Mississippi. Wavuvi wa Pemba waliokwenda Kenya zamani, wakatulia Kwale na Kilifi, wakaoa na kuzaa huko, wajukuu zao walijikuta si raia wa nchi yoyote. Hawakuwa na kitambulisho, na kwa kukosa kitambulisho hawakuweza kupata leseni ya kuvua katika bahari waliyozaliwa kandoni mwake, wala kufungua hesabu benki. Ilichukua hadi mwaka 2023 kwa Serikali ya Kenya kuwatambua Wapemba hao, wapatao 7,000, kuwa ni kabila miongoni mwa makabila ya Kenya na kuanza kuwapa vitambulisho. Tulifurahi kwa ajili yao. Lakini ingekuwa aibu kubwa iwapo Mpemba atatambulika Kilifi, na Tumbe aambiwe hajulikani.

Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 umekwisha, na ujao uko mbali. Huu ndio wakati wa kutengeneza meza ya karani, kwa sababu hakuna anayehesabu kura. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, unasajili vizazi na vifo pamoja na vitambulisho chini ya paa moja, na kwa hiyo una njia za kumjua mtu ambazo sheha wa mwaka 2005 hakuwa nazo.

Tunaishauri Serikali, kwanza, sheha asiruhusiwe kukataa kwa mdomo. Anayemkataa mtu aandike, aeleze sababu, aweke tarehe na jina lake, na nakala apewe aliyekataliwa. Karatasi hiyo moja itawafanya wengi wenye ulimi mwepesi wafikiri mara mbili, kwa sababu neno la mdomo hupeperuka na karatasi hufika mahakamani. Palipo na kukataliwa, pawe na mtu mwingine wa kumwendea, asiyekula meza moja na sheha, naye apewe siku maalumu za kujibu. Na ushahidi wa sheha usiwe ndio mlango wa pekee. Daftari la skuli aliyosoma mtu, kadi ya kliniki ya mama yake, imamu wa msikiti anaosali, wazee wawili wa mtaa, hawa wote wanamjua mtu kuliko ofisi. Mvuvi wa dago naye aandikwe kwa jina lake la kazi katika sheria, kama alivyoandikwa mtumishi na mwanafunzi.

Mashehe wa sheria watasema hayo yanahitaji kikao cha Baraza la Wawakilishi. Baadhi yake, ndiyo. Lakini kumpeleka karani Tumbe hakuhitaji kikao. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapong'ara hukaa ufukweni wakishona nyavu, maana samaki hawafuati taa mwezi ukiwa mkubwa. Kila mwezi, basi, zipo siku kadhaa ambapo wanaume wa Tumbe wako dikoni mchana kutwa, wamekaa chini ya miti, na kila mmoja amezungukwa na watu wanaomjua tangu utotoni. Makarani wa Wakala waje siku hizo, pamoja na mashine zao za picha, na sheha akae nao hapo hapo hadharani. Aseme mbele ya jamaa zake ni nani kati yao asiyemjua.