Gharama ya Kushtaki kwa Ajili ya Nyumba

Nataka kusema machache juu ya wajane wanaofukuzwa nyumbani mwao. Hapa kwetu Nyarusange namjua mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Kwa kuwa alizaa wasichana watupu, shemeji zake walimwambia nyumba ni ya ukoo, basi atoke. Watu wakamshauri, "Nenda ukashtaki, kushtaki si kitu." Si kitu kwa nani?

Hebu tuhesabu. Kwanza kuna bashingantahe, wazee wa kilima. Kwa desturi ya zamani huwekewa pombe, nayo huitwa agatutu. Mtungi wa pombe ya ndizi si mali nyingi kwa mwenye migomba, lakini migomba ya mama huyu ndiyo hiyo hiyo iliyoshikwa na shemeji zake! Wazee wakishindwa, kesi huenda mahakamani. Huko kuna ada, kuna siku za kulima zinazopotea, na mashahidi nao lazima wale. Lililo zito kuliko yote ni safari ya mahakimu kuja kuitazama nyumba na mipaka yake, kwani mara nyingi wenye kesi ndio hutakiwa kulipia gari na petroli. Mama huyu amekwisha kuuza mbuzi wawili, na mahakimu hawajafika bado.

Katiba yetu ya mwaka 2018 yakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ni mwanamke. Walakini sheria ya urithi hatuna. Twafuata desturi, nayo humpa mtoto wa kiume shamba na nyumba. Huko Marekani sheria ya mwaka 1968 yakataza ubaguzi wa nyumba, na aliyeonewa hupeleka mashtaka yake serikalini bila malipo, mradi asipitishe mwaka mmoja. Sisemi tuwaige Wamarekani katika kila jambo (nguo zao, mathalan, sizitaki), lakini hili ni jema.

Wengine watasema ada ikiondolewa watu watashtakiana kila siku kwa ajili ya kuku. Pengine. Basi ada ibaki kwa kesi za kuku, lakini mjane asitozwe petroli ya mahakimu. Serikali ndiyo iliyowaajiri, nayo iwasafirishe. Na wazee wetu, ambao baraza lao la kilima lilirudishwa kwa sheria ya mwaka 2021, nawaomba waikatae agatutu ya mjane. Akishinda kesi, migomba ikarudi mikononi mwake, atapika pombe mwenyewe bila kuombwa.