Usimtume mtoto dukani akununulie ugoro

Mzazi mwenzangu, wiki hii tuzungumze kuhusu tumbaku na watoto wetu walioko darasa la sita hadi kidato cha pili.

Kwa sisi wa Karatu na Ngorongoro, mtoto hukua akiona wazee wakipeana ugoro kwenye vikao. Ndiyo maana tukinusa sigara kwenye shati la shule tunashtuka, lakini ugoro tunauona wa kawaida. Ugoro ni tumbaku ile ile. Hauna moshi, hivyo mwanafunzi anaweza kuuweka chini ya mdomo akiwa darasani na mwalimu asijue. Magadi yanayochanganywa humo huifanya nikotini iingie mwilini haraka zaidi, na ubongo wa mtoto, ambao bado unakua, huizoea upesi kuliko wa mtu mzima.

Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini mwenye duka atajuaje kwamba mtoto anajinunulia, ikiwa jana alikuja na kusema, "Nimetumwa na baba," na kweli alikuwa ametumwa? Tukiacha kuwatuma, kisingizio hicho kinakufa. Nenda dukani mwenyewe, umwambie muuzaji waziwazi: mwanangu asiuziwe hata sigara moja.

Kama mtoto amepanga chumba karibu na shule ya kata kwa sababu nyumbani ni mbali, zungumza pia na mwenye nyumba. Mtembelee mtoto bila kumpa taarifa. Uliza hela ya chakula inaishaje katikati ya wiki. Tazama fizi zake.

Ukigundua anatumia, usikimbilie fimbo. Itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Anayeacha nikotini hupata hasira, hukosa usingizi na hushindwa kutulia kwenye masomo. Siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi, kisha hali hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mwalimu wa malezi akijua hilo, hatamwona mtoto huyo kuwa mkorofi tu. Mkiona mmeshindwa, nendeni kituo cha afya.

Na baba unayetumia mwenyewe, usinyamaze kwa aibu. Mweleze mwanao ulianza ukiwa na umri gani, umejaribu kuacha mara ngapi, na kila wiki unatumia shilingi ngapi. Hayo atayaamini kuliko mahubiri.