Mwalimu Mpya Naye Apewe Likizo Yake

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapoanza, muhula wa kwanza wa shule za Uganda hufikia kikomo, na walimu hufunga mizigo yao kurudi makwao. Miongoni mwao wamo vijana walioshika chaki kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari, na baadhi yao ni watoto wa askari, waliolelewa kambini au katika kota za polisi. Hurudi wakiwa wamekonda, sauti imekwaruza, na mkobani wamebeba madaftari ambayo hayajasahihishwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu mpya, hasa akiwa binti, aghalabu hupewa jembe siku ya pili. Mahindi na maharagwe yanangoja palizi. Wadogo zake wanaletwa na hesabu zilizowashinda. Jirani anaomba watoto wake wafundishwe barazani, ijapokuwa Wizara ya Elimu imekwisha kupiga marufuku mara kwa mara masomo ya wakati wa likizo. Mjomba naye anauliza habari za mshahara. Binti akilala hadi saa tatu asubuhi, husemwa kwamba usomi umemfanya mvivu.

Nyumba ya askari ndiyo ingalipasa kulielewa jambo hili kabla ya nyumba nyingine. Askari aliyekesha lindoni haulizwi kwa nini analala mchana. Mkewe huwanyamazisha watoto na kuteremsha pazia. Aliyerejea kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwaka 2007, hupokewa kwa heshima na kuachwa apumzike. Mwalimu hakubeba bunduki, lakini naye ametoka zamu.

Na itazamwe zamu yenyewe. Tangu elimu ya msingi kwa wote ilipoanzishwa nchini Uganda mwaka 1997, darasa la watoto 70 au 80 si jambo la ajabu. Mwalimu akitumia dakika 2 tu kusahihisha daftari moja, madaftari 80 humchukua dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40, na hilo ni somo moja. Mwalimu mkongwe anayo maandalizi ya miaka iliyopita. Huyu mpya huandika kila andalio la somo upya, usiku, wenziwe wakiwa wamelala. Akipangiwa shule ya kambini, hukuta watoto wa makabila mengi katika darasa moja, hata hajui aanze na lugha gani ili wote wamwelewe.

Mwili nao una hesabu yake. Mwanamke anapozungumza, kamba za sauti kooni mwake hutikisika mara 200 hivi kwa kila sekunde. Anayepaza sauti siku nzima huzichosha hata zikavimba. Dawa ya kwanza ni kunyamaza na kunywa maji ya kutosha. Kunong'ona hakusaidii, kwa maana nako huzikaza kamba hizo. Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, hapana budi daktari aione. Kuhusu usingizi, mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi kila usiku, na aliyelala saa 5 kwa miezi mitatu hawezi kulilipa deni hilo kwa usiku mmoja.

Kwa kuwa likizo hii ni ya wiki tatu tu, yafaa igawanywe kwa busara. Wiki ya kwanza iwe ya usingizi, uji wa moto na mazungumzo yasiyohusu shule. Wiki ya pili mwalimu ashiriki kazi za nyumbani kama mtu wa nyumbani, wala si kibarua. Aende shambani asubuhi, alasiri awatembelee rafiki zake. Siku chache za mwisho ndizo za kumaliza madaftari na kuandaa muhula ujao. Habari za fedha nazo zizungumzwe waziwazi, baba na mama wakiwapo, kwani mwalimu mpya huenda hata mshahara wake haujaanza kuingia, naye huona haya kusema.

Mwalimu naye ana wajibu. Kupumzika si kulala kitandani wiki tatu huku mama akimfulia nguo, wala si kukesha na simu mkononi. Afue nguo zake, na aseme kwa adabu kazi gani anaiweza na ipi haiwezi kwa sasa.

Jambo hili halimhusu binti mmoja peke yake. Mwaka 2016 sheria ya watoto ya Uganda ilirekebishwa, na adhabu ya viboko ikakatazwa shuleni. Mwalimu aliyerudi kazini amechoka ndiye aliye karibu zaidi kuivunja. Mwingine huacha kazi kimyakimya kabla mwaka haujaisha, na darasa la watoto 80 likabaki bila mtu. Watoto hao ni wa koplo, wa konstebo na wa jirani. Mzazi anayempa binti yake usingizi wa mwezi wa Mei anawatunza na wao pia.