Kihispania cha Foleni

Hapa Kanyenye kuna dharau moja nimeichoka. Akitajwa mtu aliyesoma Cuba, hakosekani mjuaji kijiweni: "Cuba? Nchi yenyewe haina hata mkate!" Maana yake, lugha hujifunzwa penye neema. Ukitaka Kihispania, nenda Madrid. Kilichookotwa kwenye foleni za Havana ni cha kuombea maji tu.

Mtu wa Tabora kusema hivyo ni kituko. Kiswahili anachotumia kudharau wenzake kilifikaje huku? Kwa sehemu kubwa kilikuja na misafara, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe hadi Bagamoyo na kurudi, wakilipwa nguo na shanga, wengine wakifia njiani. Walikiokota wakiwa na njaa na mzigo begani. Sijasikia mtu akikiita Kiswahili cha mizigo.

Lakini mjuaji wa kijiweni namsamehe. Ugomvi wangu hasa ni na sisi tunaojiita wasomaji. Tunabishana kuhusu García Márquez wiki nzima, kumbe tumesoma maneno ya Gregory Rabassa, mfasiri wake wa Kiingereza. Wakati huohuo, watu wanaojua Kihispania tunao tangu kabla ya uhuru wa Zanzibar, na hatujawauliza kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 chama cha Hizbu kilikuwa na ofisi Havana. Salim Ahmed Salim alifanya kazi pale akiwa kijana mdogo. Wengine walikwenda kwa mafunzo ya kijeshi. Ni miaka ya dhiki: Februari 1962 Marekani ilifunga biashara na Cuba, na Machi ukaanza mgawo wa chakula kwa kijitabu, libreta. Januari 1964, waandishi wa kigeni waliwasikia vijana wenye silaha Unguja wakipaza sauti "Venceremos", tutashinda, wakadhani Wacuba wamevamia. Walikuwa Wazanzibari. Baada yao wamekwenda wengine wengi, hasa wa udaktari. Kenya peke yake ilipeleka madaktari 50 mwaka 2018.

Sasa, mtu anajifunza nini kwenye foleni? Chukua neno resolver. Kamusi itakwambia ni kutatua. Kwa Mcuba wa miaka ya 1990, Wasovieti walipoanguka na mafuta yakakatika, resolver ni kupata sabuni, yai, lifti ya kwenda kazini, kwa njia unayoijua wewe na Mungu wako. Kiingereza kinahangaika na neno hilo. Sisi tunalo: kubangaiza. Aliyepanga foleni ya sukari Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akapanga ya mchele Havana, ataliandika bila kufungua kamusi. Au apagón, kukatika kwa umeme. Giza lilipozidi, Wacuba wakatania kwamba wao hawana apagones, wana alumbrones: vipindi vya umeme kuwaka. Jamani, utani huo unahitaji kuelezwa kwa Mtanzania?

Madrid wangemfundisha sarufi nzuri, sikatai. Ila fasihi ya Cuba imejaa foleni, giza na utani wa namna hiyo, na anayeijua kutoka ndani ni yuleyule tunayemcheka.

Na tusiseme Kihispania kiko mbali. Che Guevara alipotoka Congo mwishoni mwa 1965, alijificha ubalozi wa Cuba Dar es Salaam, akaandika humo kitabu kizima kuhusu vita ile. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, kitabu kilichoandikwa Dar! Ndani yake makamanda wanaitwa Moja, Mbili na Tatu. Tatu ndiye Che mwenyewe.

Novemba 2024, wiki ileile kimbunga Rafael kilipoizimia Cuba umeme, kulikuwa na kongamano la Kiswahili Havana. Vizuri sana. Tunajua kupeleka. Kuleta je? Waliokuwa Havana mwaka 1962, walio hai, wamepita miaka 80. Wachapishaji mnaosoma hapa, watafuteni sasa, wao na madaktari waliowafuata, wakae na wahariri wenye Kiswahili kizuri, na muwalipe kama mnavyomlipa mtu mwenye cheti cha Ulaya. Kitabu cha kuanzia mnacho, na majina ya wahusika hayahitaji kutafsiriwa.