Kanda za Ngoma za Bongwe Zinasubiri Watazamaji

Sanaa ya video ikitajwa, aghalabu msomaji hufikiria kumbi za Ulaya na Marekani, mahali ambapo watu husimama kimya gizani wakitazama picha zinazocheza ukutani. Fikira hiyo si mbaya, ila ni nusu tu. Kabla istilahi yenyewe haijatufikia, vijana wa Bongwe, Ukunda na Diani walikuwa wamekwisha kushika kamera begani, wakarekodi sengenya, harusi na mashindano ya vikundi vya ngoma. Kanda zilizosalia zimo makabatini na mivunguni mwa vitanda, na zinaoza.

Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa gundi yenye chembechembe za sumaku. Gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, nasi watu wa Pwani twajua hewa yetu ilivyo. Kuvu huota, utepe hunata, deki ikaziba. Hata deki zenyewe zinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda zile za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO ilishiriki kutoa onyo kwamba kufikia 2025 huenda vifaa vya kuchezeshea kanda za sumaku visipatikane tena kwa urahisi. Mwaka huo si wa kesho tena. Na tusisahau adui wa nyumbani. Mgongoni mwa kila kanda ya VHS pana kijino cha plastiki. Ukikivunja, kanda haiwezi kurekodiwa juu yake. Ni wangapi walikivunja? Arusi ngapi zimefutwa na mechi za kandanda!

Hata hivyo, kuoza kwa utepe sicho kinachonikosesha usingizi. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa isimu wimbo wa ngoma uliorekodiwa kwa video, nikawaomba waandike maneno yake. Wengi wao walikuwa wenyeji wa Kwale. Mwimbaji alipoimba "madzi", waliandika "maji". Alipotaja "muhi", waliandika "mti". Walikuwa wakisahihisha badala ya kusikiliza! Kitenzi "kuphiya", yaani kwenda, kiliwashinda kabisa, kwa kuwa ile "ph" ya Chidigo ni sauti laini ya midomo miwili ambayo Kiswahili sanifu hakina. Tulipoirudisha picha polepole na kuikazia macho midomo ya mwimbaji, neno likajitokeza. Kinasa sauti peke yake kisingetufikisha hapo. Wala kamusi, hata ile ya Mgombato iliyotolewa mwaka 2004, kwani huwezi kulitafuta kamusini neno usilolisikia.

Baadaye tuliipeleka picha ile kwa bibi mmoja wa Bongwe. Alitazama kidogo, akacheka, akasema: "Wanangu, hapo wanamsuta mtu, naye yumo humo humo pichani." Akatuonyesha mwanamume aliyesimama kandoni akiwa na kanzu safi, uso ameuinamisha. Sisi tulikuwa tumeitazama picha ile mara kumi na zaidi, na mtu yule tulimhesabu kuwa mtazamaji tu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kuhifadhi na kuonyesha si kazi mbili. Kanda iliyonakiliwa vizuri na kufungiwa kabatini, bila ya mtu kueleza nani anaimba, anamwimbia nani na kwa nini, imehifadhiwa plastiki tu.

Wenzetu wa makumbusho makubwa wamelijua hilo. Kazi ya Wangechi Mutu, "The End of carrying All", iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015, ni video ya vioo vitatu kwa pamoja. Ukiionyesha kwa kioo kimoja umeonyesha kitu kingine. Huko Korea ya Kusini, mnara wa Nam June Paik wa mwaka 1988 wenye televisheni 1,003 ulizimwa mwaka 2018 kwa sababu ya uchakavu. Ukazuka mjadala: zirudishwe televisheni za mgongo, au vitiwe vioo bapa vya kisasa? Mnara uliwashwa tena mwaka 2022, nyingi za zamani zikiwa zimetengenezwa na nyingine zikiwa zimebadilishwa. Watu walibishana miaka juu ya umbo la kioo, ilhali sisi hatujabishana hata siku moja juu ya jina la mwimbaji.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis, nazo zikahifadhiwa Afrika Kusini. Mwaka 2015 nakala zilirudishwa Kapkatet kwa juhudi za Ketebul Music na washirika wake. Miaka 65 zilikaa salama, lakini mbali na wenyewe.

Bongwe haihitaji kungoja muda huo, wala haihitaji jumba la ghorofa. Deki moja nzima itafutwe ingali inapatikana. Kanda hunakiliwa kwa mwendo wake wa kawaida, saa tatu kwa saa tatu. Hakuna njia ya mkato. Nakala nzuri ya kidijitali huchukua takriban gigabaiti 13 kwa saa, nayo iwekwe mahali zaidi ya pamoja. Ile ya kutumiana kwa simu haitoshi: hubana picha hadi midomo ikawa ukungu, na tumekwisha kuona midomo ina kazi gani.

Kisha shuka jeupe litundikwe ukutani mwa shule jioni moja, wazee waalikwe, na mwanafunzi aketi karibu yao na daftari. Kwanza lakini waulizwe wao faraghani, kwani si kila kitu ni cha kila jicho. Jirani na Bongwe ipo Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwenye kuingia humo hufuata masharti. Picha ya jambo la kaya nayo ina masharti. Wazee wakisema hii isionyeshwe, isionyeshwe.

Nitaambiwa kwamba nyingi ya ngoma hizo zilichezewa watalii mahotelini Diani, kwa hiyo si asili. Sikubaliani. Mcheza ngoma anayelipwa hubadilisha anachokiimba, na mabadiliko hayo ni historia yetu pia. Isitoshe, baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii walitoweka, na majukwaa mengi yakafungwa. Kanda za kabla ya mwaka huo, zikiwemo zile walizokwenda nazo Wajerumani na Waswisi, huenda ndizo mashahidi pekee.

Kuhusu fedha, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kaunti makumbusho, maktaba na shughuli za utamaduni, na humo humo, msomaji, limetaja kwa jina maonyesho ya video. Sijui waandishi walikuwa wakiwaza mabanda ya sinema za Kihindi, lakini neno limeandikwa. Walimu wa Kwale wana haki ya kubisha hodi na kuomba deki moja na shuka moja.