Mlinzi Naye Alindwe

Siku hizi salio la mwekaji benki, cheti cha mgonjwa na ankara ya maji vyote vimo ndani ya hifadhidata. Ili kuilinda, idara na makampuni mengi hukodi huduma ya ufuatiliaji iliyo katika wingu, yaani katika mitambo ya mbali inayofikiwa kwa intaneti. Programu ndogo hupima kila mara nafasi iliyobaki katika diski, wingi wa maombi na kasi ya majibu, kisha hesabu hizo huonyeshwa katika dashibodi: kijani ni salama, nyekundu ni hatari.

Huduma hiyo ni njema, nasi hatuipingi. Diski inayojaa polepole huonekana mapema, na ufa huzibwa kabla ya ukuta kuanguka. Tunachokipinga ni imani kwamba aliyenunua dashibodi amekwisha kununua usalama.

Mkasa wa GitLab watosha kuwa funzo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni hiyo alifuta kwa makosa hifadhidata kuu, na yapata gigabaiti 300 zikatoweka. Nakala za akiba zilizodhaniwa kuwapo hazikuwapo, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe. Je, mfumo haukupiga kelele? Ulipiga, lakini barua-pepe za kuarifu hitilafu hiyo zilikuwa zikikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho. Kilichookoa jahazi ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, tena kwa ajili ya kazi nyingine kabisa.

Majuma manne baadaye, tarehe 28 Februari 2017, ghala la data la Amazon katika jimbo la Virginia, Marekani, lilisimama. Kwa muda wa saa 2 hivi dashibodi ya kutangaza hali ya huduma haikuweza kubadilishwa, kwa sababu chombo cha kuibadilisha kilitegemea ghala lile lile. Nyumba yawaka moto, na mlinzi amefungiwa ndani!

Nasi tuna hatari yetu. Mnamo Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota katika Afrika Mashariki. Ofisi ambayo jicho lake pekee liko ng'ambo, siku kama hiyo huwa kipofu.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, tahadhari zijaribiwe kila mwezi kwa hitilafu ya makusudi, ijulikane ni simu ya nani italia. Pili, nakala za akiba zirejeshwe kwa majaribio. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Tatu, mlinzi asikae nyumba moja na anachokilinda, na pawepo njia ya pili ya kuarifu hapa hapa nchini. Nne, pawepo mtu wa zamu anayejulikana, mwenye mamlaka ya kuchukua hatua usiku wa manane bila kungoja sahihi ya mkubwa.

Mgonjwa aliyepotelewa na cheti chake hatauliza dashibodi ilikuwa na rangi gani. Atauliza nani alikuwa macho. Wakuu wa idara zetu na wawe na jibu kabla ya kuulizwa.